Mbegu ya kipande kimoja, mbegu ya vipande viwili: tujue jamaa ya mmea mbele ya kupuliza, kukata na kupanda



Katika mikutano ya musimu uliopita, kuanzia Luvungi na Sange mpaka Makobola, swali moja lilirudi mara nyingi: «Ile dawa ya kuua majani mabaya, inajua namna gani kuacha mupunga na kuua majani?» Swali ni zuri, na jibu lake linamufaa kila mulimaji, hata yule asiyenunua dawa hata siku moja. Dawa haina macho. Inafuata tofauti iliyo kati ya jamaa mbili kubwa za mimea. Mulimaji asiyejua jamaa hizo anaweza kuua maharage yake kwa asubuhi moja, ao kung'oa shamba la mahindi ambalo lingepona lenyewe, na hivyo kupoteza mbegu mara mbili.

Katika somo hili tutaona kwanza alama za kutambua kila jamaa. Kisha tutaona kazi tano za shamba ambazo zinageuka kufuatana na jamaa ya mmea.

1. Jamaa mbili ni zipi?

Tufanye jaribio dogo nyumbani. Jioni, tia ndani ya maji mbegu tano za maharage na mbegu tano za mahindi. Asubuhi, menya ngozi ya haragwe: linaachana lenyewe katika vipande viwili, na katikati utaona kimmea kidogo sana. Vipande hivyo viwili ni majani ya kwanza ya mmea, yaliyojaa chakula cha kuutunza mpaka utoke udongoni. Sasa shika hindi. Hata ukilibana haliachani. Ulipasue kwa kisu kutoka juu mpaka chini: utaona unga upande mmoja, na kimmea upande mwingine. Kimmea hicho kina jani moja tu la namna ile.

Jani hilo la ndani ya mbegu linaitwa kotiledoni. Ndiyo sababu maagronoma wanasema monokotiledoni kwa mimea ya kipande kimoja, na dikotiledoni kwa mimea ya vipande viwili. Sisi tutasema tu «jamaa ya kipande kimoja» na «jamaa ya vipande viwili».

Kwetu, kutoka bonde la Ruzizi mpaka kandokando ya ziwa, zinagawanyika hivi:

- Kipande kimoja: mahindi, mupunga, mtama, muwa, ndizi, mungazi unaotupa mawese, kitunguu, nanasi, tangawizi, mateke (wengine wanasema magimbi), pamoja na majani ya kulisha ngombe kama matete.
- Vipande viwili: maharage, karanga, soya, muhogo, viazi vitamu, tomati, bilinganya, pilipili, lengalenga, shu, pamba, kahawa, papai, avoka, embe, machungwa.

2. Alama nne za kutambua

*Namna mmea unatoka udongoni.* Mahindi na mupunga hutoka na jani moja lililojikunja, lenye ncha kama mkuki. Haragwe hutoka limeinama, kisha linanyooka na kufungua vipande vyake viwili.

*Jani.* Shika jani la mahindi mbele ya jua. Mishipa yake inakwenda sambamba, kama mistari ya daftari. Shika jani la haragwe: mishipa imefumwa kama wavu wa kuvulia ndagala.

*Mizizi.* Ng'oa mtama mchanga: mizizi ni mingi, myembamba, inalingana kama nyuzi za fagio. Ng'oa lengalenga: kuna muzizi mumoja mukubwa unaoshuka chini, na midogo inatoka pembeni yake.

*Ua.* Hesabu sehemu za ua. Kwa jamaa ya kipande kimoja, mara nyingi ni tatu ao sita, sawa na ua la kitunguu. Kwa jamaa ya vipande viwili, ni ine ao tano: ua la shu lina ine, ua la papai lina tano.

Tuangalie: alama moja peke yake inaweza kutudanganya. Jani la mugomba ni pana sana, lakini mugomba uko katika jamaa ya kipande kimoja. Upana wa jani hautoshi. Mateke nayo yana jani pana lenye umbo la moyo, na bado ni ndugu wa jamaa hiyohiyo. Muhogo tunaupanda kwa kipande cha mti, hauna muzizi mukubwa wa katikati, lakini ni jamaa ya vipande viwili. Kwa hiyo tutumie alama mbili ao tatu kwa pamoja mbele ya kusema jina la jamaa.

3. Kazi ya kwanza: kupuliza dawa ya majani mabaya

Sasa tunaweza kujibu lile swali. Kati ya dawa zinazochagua, moja inayojulikana sana duniani inaitwa 2,4-D. Inatumika tangu miaka ya 1940. Inaiga maji ya ndani ya mmea yanayouamuru ukue. Mmea wa vipande viwili ukiipokea, unakua ovyo: majani yanajikunja, shina linapinda, njia za maji zinafunga, na mmea unakufa. Mahindi na mupunga huivunja dawa hiyo ndani yao na haiwasumbui sana, kama imepulizwa kwa wakati wake na kwa kipimo chake.

Mambo sita yanatoka hapo:

1. *Mahindi yakichanganywa na maharage, 2,4-D haina nafasi.* Itaacha mahindi na itaua maharage. Vilevile kwa mahindi na muhogo, ao mahindi na karanga. Katika shamba la kuchanganya tunapalilia kwa jembe na kwa mukono.

2. *Haiui majani ya jamaa ya mupunga.* Katika mashamba ya mupunga, majani yanayosumbua zaidi mara nyingi ni ndugu za mupunga wenyewe, na dawa itayaacha sawa vile inaacha mupunga. Yang'olewe kwa mukono yangali madogo. Ili using'oe mupunga, angalia pale jani linapoachana na shina. Mupunga una kingozi chembamba cheupe kama ulimi, na vinywele viwili vinavyokumbatia shina. Lile jani baya linalofanana nao sana halina ulimi huo. Ndago nayo inatambulikana kwa shina lake la pembe tatu. Hata ikikauka juu, viazi vyake vya chini vinatoka tena.

3. *Wakati una maana.* Mupunga mchanga sana, ao ule unaoanza kutengeneza suke, unaumia. Mahindi yaliyopita magoti yanaweza kuvunjika kwa upepo kisha kupulizwa. Tufuate etiketi.

4. *Upepo unabeba dawa.* Matone madogo yanafika katika tomati ao muhogo wa jirani. Pamba, ambayo wazazi wetu walilima sana katika bonde hili, inaumia hata kwa kiasi kidogo sana. Tupulize asubuhi mapema, mbele upepo wa ziwa haujaamka, na tumuambie jirani siku moja mbele.

5. *Pompi iwe yake peke yake.* Mabaki ndani ya pompi yanatosha kukunja tomati juma linalofuata. Na tusioshee pompi katika kanali, katika mto ao ziwani, kwa sababu watu wanachota humo maji ya kunywa.

6. *Bidoni isiyo na etiketi hainunuliwi.* Kuna dawa zingine, kama glifosati, ambazo haziangalii jamaa: zinaua mupunga na majani kwa pamoja. Mtu akikuuzia nusu chupa ya dawa bila jina, huwezi kujua umeshika ipi. Koperativa inayonunua kwa pamoja iandike jambo hili katika kanuni zake.

4. Kazi ya pili: kupima hasara wakati mnyama amekula shamba

Jambo hili linaleta maneno mengi katika bonde la Ruzizi, kati ya walimaji na wafugaji. Ngombe zinaingia usiku, asubuhi shamba liko chini, na hasira iko juu. Mbele ya kung'oa yote na kupanda upya, tuangalie jamaa ya mmea.

Mahindi yanaficha moyo wake wa kukulia chini ya udongo mpaka yafikie majani tano ao sita. Ngombe ikila majani katika wakati huo, moyo unabaki. Chukua mimea mitatu ao mine, ipasue kwa kisu kutoka juu mpaka kwenye mizizi. Kama moyo ni mweupe na mgumu, mmea ni muzima na utatoa jani jipya kwa siku chache. Kama ni wa rangi ya kahawa na laini, umekufa. Mupunga mchanga nao hurudi, kama haukung'olewa na kwato.

Maharage ni tofauti. Macho yake ya kukulia yako juu ya udongo, kwenye vile vipande viwili na kwenye makwapa ya majani. Yakikatwa juu ya vipande viwili, yanaweza kutoa tawi jipya. Yakikatwa chini ya vipande hivyo, yamekufa, hakuna cha kungojea. Ni vivyo hivyo wakati wadudu wa usiku wanakata mashina usawa wa udongo. Muhogo uliokwisha kushika hutoa macho mapya kwenye kipande cha mti kilichobaki.

Kwa hiyo tunashauri hivi: mahindi machanga yahesabiwe siku ya sita, mbele ya chifu na mwenye ngombe, kisha kupasua mimea michache ili wote waone. Maharage yaliyokatwa chini yanaweza kuhesabiwa kesho yake, na nafasi zijazwe mara moja. Mahindi yaliyopona yamechelewa, na kuchelewa huko ni hasara inayostahili kusemwa. Lakini mazungumzo yanayoanza na hesabu ya kweli yanakwisha vizuri kuliko yale yanayoanza na shamba lililong'olewa kwa hasira.

5. Kazi ya tatu: kukata na kugrefe

Kata shina la mwembe ao avoka: chini ya ganda kuna pete nyembamba mbichi yenye kuzunguka shina lote. Pete hiyo ndiyo inanenepesha mti na kufunga vidonda. Kwa sababu ya pete hiyo tunaweza kugrefe: kijiti cha avoka nzuri kinashikana na mche wa avoka ya kienyeji, pete kwa pete. Kwa sababu hiyohiyo, kamba ya mbuzi ao waya iliyokaza kuzunguka mti inaua mti polepole. Tuifungue.

Mugomba na mungazi hazina pete hiyo. Nyuzi zake za kupitisha maji zimetawanyika ndani yote. Mambo matatu yanafuata:

- Hakuna mugomba wa kugrefe wala mungazi wa kugrefe. Mtu anayeuza miche kwa jina hilo anadanganya. Miche ya migomba iliyokuzwa katika laboratwari iko kweli, lakini hiyo ni vipande vya mugomba wenyewe vilivyokuzwa ndani ya chupa.
- Mungazi una moyo mumoja tu, kule juu. Ukikata moyo huo, mti wote umekufa. Wakati wa kusafisha matawi, tukate yale ya zamani ya chini na tusiguse majani machanga yanayosimama katikati.
- Mugomba hauna shina la mti. Tunachokiita shina ni mashina ya majani yaliyokumbatiana, na mama na watoto wake wameungana chini ya udongo. Ugonjwa wa mnyauko unaosababishwa na bakteria, ambao umeharibu migomba mingi katika Kivu zote mbili, unapita kwa kisu na panga kutoka shina moja mpaka lingine. Tukate shina lenye ugonjwa usawa wa udongo mara tu tunapoliona. Tupitishe panga kwenye moto ao katika maji ya Javeli mbele ya kugusa mugomba mwingine. Ua la dume tulivunje kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, mara tu kichane cha mwisho kinapotokea.

6. Kazi ya ine: kuchanganya na kubadilisha mimea

Wazee wetu walichanganya mahindi na maharage mbele maagronoma hawajafika, na walikuwa na haki. Maharage, karanga na soya vinaishi pamoja na bakteria katika vifundo vya mizizi, na bakteria hizo zinashika azoti ya hewani. Wakati wa maua, ng'oa haragwe moja kwa upole na upasue kifundo. Kikiwa chekundu ndani, kazi inafanyika. Kikiwa cheupe ao kijani, hakuna kitu.

Lakini tusikosee: si kila mmea wa vipande viwili unalisha udongo. Ni wale wa jamaa ya maharage tu. Muhogo, shu na tomati viko katika jamaa ya vipande viwili, na vyote vinachukua bila kurudisha.

Kubadilisha kunasaidia pia kupunguza wadudu na magonjwa. Kiwavijeshi kilichofika Afrika mwaka wa 2016 kinapenda zaidi mahindi, mtama na ndugu zake. Ukipanda mahindi musimu A na tena musimu B palepale, unakiandalia meza mara mbili. Musimu A mahindi, musimu B maharage ao karanga: hiyo ni njia nzuri. Kwa shamba la migomba lililong'olewa kwa ajili ya mnyauko, tupande maharage ao viazi vitamu kwa muda wa miezi sita hivi mbele ya kurudisha migomba.

Kule Kenya, kandokando ya Ziwa Victoria, watafiti wa kituo cha icipe pamoja na walimaji walitumia jamaa hizi mbili kwa akili. Katikati ya mistari ya mahindi wanapanda desmodiumu, ambayo ni ndugu ya maharage. Harufu yake inafukuza vipepeo vya funza wa mashina. Kuzunguka shamba wanapanda matete, ambayo ni ndugu ya mahindi. Vipepeo vinakwenda kutaga huko. Mwishoni, desmodiumu na matete vyote viwili vinakuwa chakula cha ngombe.

7. Kazi ya tano: kushika udongo wa milima

Tunakumbuka Aprili 2020, wakati mvua kubwa ilijaza Mulongwe na mito mingine, na maji na mawe yakashukia nyumba za Uvira. Majani peke yake hayazuii mto wa namna ile. Lakini udongo wa mashamba yetu ya milimani unaondoka kila mvua, kidogo kidogo, na huo tunaweza kuushika.

Hapa jamaa zote mbili zinafanya kazi pamoja. Mizizi ya matete, vetiveri ao tripsakumu, iliyo mingi kama fagio, inafunga udongo wa juu. Mizizi ya miti kama greveliya ao kaliandra inashuka chini na kushikilia udongo wa ndani. Kwa hiyo, katika mistari inayokata kilima kwa usawa, tupande majani na miti kwa pamoja. Mustari wa miti peke yake unaacha maji yapite katikati ya mashina.

8. Zoezi la mukutano wa koperativa

Kila memba alete mimea mitatu kutoka shamba lake: mmoja anaolima, na miwili ya majani mabaya. Tengenezeni marundo mawili, rundo moja kwa kila jamaa. Kila mtu aseme alama mbili zilizomufanya achague rundo. Kisha muangalie rundo la majani mabaya: ni mangapi yako katika jamaa moja na mmea unaolima? Hayo ndiyo dawa yenye kuchagua haitayaondoa, na mbele ya kutoa franka kununua dawa ni vizuri kuyajua.

Mujadiliane pia maswali haya:

*a) Shamba lako ni mahindi na maharage. Mtu anakuuzia 2,4-D kwa bei ndogo. Utafanya nini?* Usinunue. Itaua maharage. Palilia kwa jembe.

*b) Mbuzi zimekula mahindi yenye majani ine. Utapanda tena kesho?* Hapana. Pasua mimea michache, uangalie moyo, ungoje siku ya sita.

*c) Jani la mateke ni pana. Je, ni jamaa ya vipande viwili?* Hapana. Upana hautoshi, tutafute alama zingine.

*d) Muhogo ni wa vipande viwili. Je, utaongeza azoti shambani sawa na karanga?* Hapana. Ni jamaa ya maharage tu ndiyo inafanya hivyo.

*e) Umekata mugomba mgonjwa na unataka kukata majani ya ule wa pembeni. Unaanza na nini?* Panga ipite kwenye moto ao katika Javeli kwanza.

Majibu ya zoezi la marundo, na majina ya kienyeji ya majani mlioyapata kwa Kifuliiru, Kivira ao Kibembe, mumupe monita wa kilimo wa eneo lenu. Tutayatumia kutengeneza karatasi ya picha ya majani mabaya ya bonde na ya kandokando ya ziwa, ili kila koperativa iwe na moja katika depo yake, karibu na pale pompi zinawekwa.